Katuni za Kijapani: Zilikataliwa asubuhi, zikauzika alasiri

WAFANYABIASHARA wa katuni nchini Marekani wamejifunza, kwa gharama kubwa, kwamba bidhaa ile ile inaweza kukosa mnunuzi saa mbili asubuhi na kugombewa saa kumi alasiri. Bidhaa yenyewe ni katuni za Kijapani ziitwazo anime, hasa zile za mapigano, ambazo leo zinajaza majumba ya sinema katika nchi ambayo miaka 30 iliyopita haikujua iziweke wapi.

Septemba 12, 2025 filamu ya Demon Slayer: Infinity Castle ilianza kuonyeshwa Marekani na Canada. Katika siku 3 za mwanzo iliingiza kiasi cha dola milioni 70 (dola zote zilizotajwa humu ni za Kimarekani). Rekodi iliyovunjwa kwa filamu za aina hiyo ilikuwa imesimama tangu Novemba 1999, ilipowekwa na filamu ya kwanza ya Pokémon kwa dola milioni 31 mwishoni mwa wiki yake ya kwanza.

Anayetaka kujua mnunuzi huyo alitengenezwaje asianzie mwaka 2025. Aanzie Texas, mwaka 1994.

Mwaka huo Gen Fukunaga alianzisha kampuni ya Funimation. Jamaa yake wa karibu, Nagafumi Hori, alikuwa mtayarishaji katika kampuni ya Toei ya Japani, wenye katuni ya Dragon Ball. Masharti yalikuwa mepesi kuyatamka: Fukunaga aunde kampuni, atafute mtaji, na Toei itampa haki za kuuza Marekani. Mtaji ulipatikana kwa mfanyakazi mwenzake, Daniel Cocanougher, ambaye familia yake ilikuwa na kinu cha chakula cha mifugo katika mji wa Decatur, Texas. Familia ikakubali kuuza kinu na kuingiza fedha katika katuni. Msomaji apime mwenyewe kama angethubutu.

Huko kwao Dragon Ball haikuwa bidhaa ya kubahatisha. Ilikuwa ikionyeshwa tangu mwaka 1986, na mwendelezo wake, Dragon Ball Z, ulianza mwaka 1989. Lakini Marekani vipindi 13 vya kwanza vilivyotolewa mwaka 1995 havikupata watazamaji wa kutosha. Kampuni ikaviacha na kurukia Dragon Ball Z, ambayo ina ugomvi mwingi zaidi, ikashirikiana na kampuni ya Saban kuitoa Septemba 1996.

Katuni hiyo iliuzwa kituo kimoja kimoja cha televisheni, na ilionyeshwa mara moja kwa wiki, vituo vingi vikiiweka asubuhi mwishoni mwa wiki. Ili ikubalike kwa watoto ilichujwa. Vipindi 67 vya mwanzo vilikatwakatwa vikabaki 53. Bia ikageuzwa kuwa maji. Aliyekufa akaambiwa amepelekwa ulimwengu mwingine. Fulana za mashetani zilizoandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya jehanamu zikabadilishwa herufi mbili, zikasomeka kama kifupi cha jina la nyumba ya watu wanaoshindwa daima.

Waswahili husema kizuri chajiuza. Hiki hakikujiuza. Mwaka 1998 Saban ilijitoa na utengenezaji wa vipindi vipya ukasimama.

KUFICHA ASILI

Kuchuja huku hakukuanzishwa na Funimation. Ulikuwa ndio utaratibu wa biashara tangu mwaka 1963, Astro Boy ya Osamu Tezuka ilipoingizwa Marekani na tawi la biashara la NBC. Muuzaji alinunua picha kwa bei nafuu, akaondoa kila dalili ya Japani, akauza kama mali ya nyumbani. Mwaka 1967 kijana aliyeitwa Go Mifune akawa Speed Racer. Mwaka 1978, moto wa Star Wars ukiwa bado haujapoa, Gatchaman ikapewa jina la Battle of the Planets, na damu ilipokatwa pakabaki mapengo. Mapengo hayo yakazibwa na kijiroboti kilichochorwa na Wamarekani wenyewe.

Kisa cha Robotech ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi soko lilivyokuwa likiamuru bidhaa. Vituo vya televisheni vilivyotaka katuni ya kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, vilitaka vipindi 65, yaani siku 5 kwa wiki 13. Kampuni ya Harmony Gold ilikuwa na haki za Macross, ambayo ina vipindi 36 tu. Carl Macek, aliyesimamia kazi hiyo, akachukua katuni nyingine mbili ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na ya kwanza, akaziunga kwa maelezo mapya kama fundi anayeunga vitenge vitatu kuwa shuka moja. Mwaka 1985 vikatoka vipindi 85: 36, kisha 24, kisha 25. Na shuka likauzika.

Mwendelezo wake haukufika mbali. Katika mwaka huo huo wa 1985 nchi tajiri zilikubaliana kuishusha dola, nayo ikaporomoka mbele ya yeni, kutoka kiasi cha yeni 240 hadi chini ya 160 katika muda usiozidi mwaka mmoja. Wachoraji walilipwa kwa yeni na wauzaji wa vitu vya kuchezea watoto waliofadhili kazi walipata mapato kwa dola. Mwagizaji yeyote wa bidhaa kutoka nje anaijua hesabu hiyo bila kuelezwa.

Kulikuwa na mlango wa pili, mdogo, ambako asili haikufichwa. Akira ilionyeshwa Marekani kuanzia Desemba 1989, na kampuni kama AnimEigo, Central Park Media na ADV zikaanza kuuza kanda za video kwa wapenzi wenyewe. Kanda yenye vipindi viwili iliuzwa kwa dola 30 hivi, na mara nyingi ile yenye sauti ya Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini ya picha ilikuwa ghali zaidi kuliko ile iliyoingizwa sauti za Kiingereza. Duka lililazimika kuweka aina zote mbili, na nafasi kwenye rafu ni fedha. Mwaka 1996 kanda ya Ghost in the Shell ilifika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya video ya jarida la Billboard. Wakubwa wa televisheni waliisoma habari hiyo lakini hawakuona inawahusu.

SAA YA MTOTO WA SHULE

Agosti 31, 1998 Dragon Ball Z ilihamia Cartoon Network, katika ukumbi wa vipindi ulioitwa Toonami. Haikuongezwa kitu. Ni vile vile vipindi 53 vilivyochujwa. Tofauti ni kwamba sasa vilitoka kila siku ya kazi, alasiri, saa ambayo mtoto amerudi kutoka shule, ametupa mkoba, na mama hajarudi kazini.

Sababu ya mafanikio iko ndani ya bidhaa yenyewe. Katuni za Kimarekani za wakati ule kwa kawaida zilimaliza kisa chake ndani ya nusu saa. Katika Dragon Ball Z pambano moja huendelea vipindi kwa vipindi. Kuna sayari inayotangazwa kwamba italipuka baada ya dakika 5, na dakika hizo hazimaliziki wiki nzima. Anayetazama mara moja kwa wiki hupoteza uzi na kukata tamaa. Anayetazama kila siku hulala akisubiri kesho. Vipindi 53 kwa siku 5 huisha kabla ya wiki 11, vikarudiwa, na kurudiwa tena, na watazamaji hawakupungua. Saban hakuwepo tena kugawana naye gharama, hivyo Funimation ikaajiri waigizaji wa hapo hapo Texas, na Septemba 1999 vipindi vipya vikaanza kutoka.

Kuanzia hapo kampuni ikawa na bidhaa mbili kwa gharama ya moja. Televisheni ilionyesha iliyochujwa, na dukani zikauzwa kanda za iliyochujwa na za isiyochujwa. Mtoto aliyesikia uani shuleni kwamba kuna kanda yenye damu hakuhitaji tangazo jingine. Mwaka 2000 Toonami yenyewe ikafanya hivyo hivyo kwa Gundam Wing: alasiri ikatoka iliyochujwa, na usiku wa manane ile nzima. Bandai, wenye Gundam, wakapata njia ya kuuza maroboti yao ya plastiki ya kuunganisha. Septemba 2001 Cartoon Network ikafungua Adult Swim, ukumbi wa usiku wa watu wazima, na Cowboy Bebop ikawa miongoni mwa vipindi vya siku ya kwanza. Kila saa ikawa na mteja wake.

Hapo ndipo kuficha asili kulipogeuka kuwa hasara. Kampuni ya 4Kids, iliyokuwa imevuna sana kwa Pokémon, ilipochukua One Piece mwaka 2004 iliichuja kwa mtindo wa zamani. Mpishi mvuta sigara akapewa pipi ya kijiti mdomoni. Lakini mnunuzi wa mwaka 2004 alikuwa keshaiona sigara kwenye intaneti. Jina la 4Kids likawa kichekesho kwa wale wale aliotaka kuwauzia, na Aprili 2011, katikati ya mgogoro wa hesabu na wenye Yu-Gi-Oh!, kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

BEI YA KAMPUNI MOJA

Mwaka 2005 Navarre, wauzaji wa jumla wa jimbo la Minnesota, waliinunua Funimation kwa fedha taslimu kiasi cha dola milioni 100, pamoja na hisa juu yake. Ilionekana ni busara. Diski ya DVD ilikuwa imemaliza tatizo la rafu, maana diski moja hubeba sauti ya Kijapani, sauti ya Kiingereza na maandishi pia. Mwaka huo huo Naruto ilianza Toonami.

Kumbe rafu zenyewe ndizo zilizokuwa zikioza. Januari 2006 kampuni ya Musicland, yenye maduka ya Suncoast na Sam Goody ambako kundi kubwa la wapenzi hawa lilikuwa likinunua, iliomba ulinzi wa mahakama. Geneon ikafunga shughuli zake za Marekani mwaka 2007. Toonami ikazimwa Septemba 2008. Central Park Media ikafilisika mwaka 2009, na ADV ikauza mali zake mwaka huo huo. Katika biashara ya diski muuzaji wa rejareja hurudisha zisizouzika, kwa hiyo duka moja likianguka mzigo unamrudia mwenye bidhaa ghalani. Aprili 2011 Navarre waliiuza Funimation kwa dola milioni 24. Miongoni mwa wanunuzi alikuwa Fukunaga mwenyewe, ambaye kwa mtazamo wa mwandishi huyu alifanya biashara nzuri mara mbili kwa kitu kimoja.

Mahitaji hayakuwa yamekufa. Yalikuwa yamehamia kwa walanguzi, na walanguzi wenyewe walikuwa wateja. Tangu enzi za kanda, wapenzi walitafsiri katuni kwa mikono yao na kudurufu kwa gharama ya kanda tupu na stempu, na wengi wao walijiwekea utaratibu wa kuacha pindi kampuni inaponunua haki. Intaneti iliondoa stempu, na kwa sehemu kubwa ikaondoa na utaratibu. Mwaka 2006 vijana wa California walianzisha Crunchyroll, mahali ambapo watu walipandisha katuni bila idhini ya wenyewe. Mwaka 2008 wawekezaji waliiingizia zaidi ya dola milioni 4, jambo lililowakasirisha wenye haki, na si ajabu.

Januari 2009 Crunchyroll ilitubu kibiashara. Iliondoa mali isiyo na idhini, ikafunga mkataba na TV Tokyo, ikaanza kutoa Naruto Shippuden kwa wanaolipa saa moja tu baada ya kuonyeshwa Japani. Asiyelipa alisubiri wiki. Ada ilikuwa chini ya dola 7 kwa mwezi, wakati kanda ya vipindi viwili ilikuwa dola 30. Kilichouzwa hapa hakikuwa picha, kwani picha ilipatikana bure kila mahali. Iliuzwa saa, kama ilivyouzwa alasiri ya mwaka 1998.

Mwaka 2017 Sony ilinunua asilimia 95 ya Funimation kwa dola milioni 143, hesabu inayoifanya kampuni nzima kuwa na thamani ya kiasi cha dola milioni 150, mara 6 ya bei ya mwaka 2011. Agosti 2021 Sony, kupitia Funimation, ilikamilisha kuinunua Crunchyroll kutoka AT&T kwa dola milioni 1,175. Miezi minne kabla, filamu ya Demon Slayer: Mugen Train ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 20 katika siku zake 3 za kwanza Marekani, majumba mengi ya sinema yakiwa bado hayajapona na ugonjwa wa korona. Mwaka 2024 Crunchyroll ilitangaza kwamba wateja wake wanaolipa wamefika milioni 15. Infinity Castle imesambazwa Marekani na nyumba hiyo hiyo, kwa Kijapani chenye maandishi na kwa Kiingereza, mnunuzi achague.

Kwa sasa, basi, sehemu kubwa ya katuni za Kijapani zinazouzwa Marekani inapitia mkono mmoja, na mnunuzi ameanza kuonja. Jina la Funimation halikudumu. Huduma yake ya kutazama kwa intaneti ilifungwa Aprili 2, 2024 na wateja wakaelekezwa Crunchyroll. Wengi wao walikuwa wamenunua diski zenye namba ya siri ya kuchukulia nakala ya kutazama kwa intaneti, nakala ambazo kampuni ilizinadi kuwa ni za daima. Nakala hizo hazikuhamishwa. Wenye diski kabatini bado wanatazama.