Taa Ipi, Chumba Kipi? Kupanga Mwanga wa Nyumba

Usharika unapofikiwa na umeme, uwe wa gridi kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulioanza kazi mwaka 2007, au uwe wa jua, kamati nyingi hujadili mambo mawili: bei ya waya na idadi ya taa. Taa ipi ikae chumba gani, hilo huachiwa fundi. Naye fundi hufanya alivyozoea, yaani balbu moja katikati ya dari ya kila chumba, ile kali kuliko zote sebuleni, na jikoni pasipo na kitu kwa kuwa jiko liko nje na waya haukutosha.

Wafadhili wetu nao tuwaambie ukweli huu. Fomu nyingi za taarifa huuliza ni taa ngapi zimefungwa. Hakuna safu inayouliza zimefungwa wapi. Nyumba yenye taa sita na jiko la giza huhesabiwa sawa na nyumba yenye taa sita zilizowekwa panapohitajika, wakati katika ile ya kwanza koroboi bado inawaka kila jioni.

Tuchukue nyumba tunazozifahamu, za wainjilisti, walimu na wazee wa kanisa: sebule, vyumba vitatu vya kulala, korido, baraza, jiko la nje na choo. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kununua balbu hata moja, kamati ikae na wenye nyumba na kuuliza ni kazi gani inafanyika katika kila chumba baada ya jua kuzama. Hapo itaonekana wazi kwamba chumba chenye kazi nyingi kuliko vyote ni jiko.

Jikoni mama anakata mboga kwa kisu kikali, anachambua maharage, anaepua sufuria yenye mafuta ya moto, na mara nyingi mtoto mdogo yuko miguuni pake. Koroboi hutoa kama lumeni 10 tu za mwanga; chemli yenye kioo kisafi hutoa kama 40. Moshi wa mafuta ya taa unaongezeka juu ya moshi wa kuni, na wote unaingia katika mapafu ya watu wale wale. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014 kuhusu hewa ya ndani ya nyumba, lilishauri kaya ziepuke kutumia mafuta ya taa. Kuna pia hatari ya moto, na ya watoto wanaokunywa mafuta hayo wakidhani ni maji kwa sababu yamewekwa katika chupa ya soda.

Hapa nieleze tofauti ya wati na lumeni, maana ndiyo inayowachanganya wanunuzi. Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa. Lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka. Zamani tulizoea kusema "balbu ya sitini", tukimaanisha ile yenye uzi ndani, ya wati 60, iliyokuwa ikitoa lumeni 700 hadi 800. Leo taa ya LED ya wati 8 au 9 hutoa mwanga huo huo. Ikiwaka kwa muda wa saa tano kila siku, balbu ya zamani itakula uniti 9 za LUKU kwa mwezi; LED ya wati 9 haitafika uniti moja na nusu. Basi tukiwa dukani tusome lumeni kwenye boksi. Boksi lisilotaja lumeni, tulirudishe.

Jiko linahitaji lumeni 600 hadi 800, hata kama ni dogo kuliko sebule, kwa sababu kuta zake zimejaa masizi na ukuta mweusi hunyonya mwanga. Kupaka chokaa nyeupe kila mwaka ni sawa na kuongeza taa nyingine bila kulipia umeme. Taa isikae nyuma ya mpishi, la sivyo atafanya kazi ndani ya kivuli chake mwenyewe. Ikae ukutani mbele yake, upande kidogo, wala si juu ya mafiga, kwa kuwa joto hufupisha maisha ya LED. Iwe na kifuniko kinachofutika kwa kitambaa chenye maji, umeme ukiwa umezimwa. Na mahali ambapo mchana pia ni giza, bati moja linalopitisha mwanga katika paa la jiko husaidia kuliko taa.

Baada ya jiko, meza ya watoto ya kusomea. Hapa si lazima mwanga uwe mwingi, bali uwe karibu. Ukisogeza taa kutoka mita mbili hadi mita moja juu ya daftari, mwanga unaofika kwenye karatasi huwa mara nne. Kwa hiyo taa ya LED ya wati 3, inayotoa lumeni 250 hadi 300, ikining'inizwa chini na kuwekewa kofia ili isipige machoni, inafaa kuliko balbu kubwa iliyo kileleni mwa kenchi. Nyumba zetu nyingi hazina dari, na mwanga unaokwenda juu hupotelea kwenye mabati. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia taa iwe kushoto kwake, na wa mkono wa kushoto kinyume chake.

Sebuleni ndipo tunapopoteza fedha. Najua sebule ndiyo inayopokea wageni, na hakuna anayetaka mchungaji akae gizani. Lakini kazi za sebuleni ni maongezi, sala ya jioni, redio na luninga, na hizo hazihitaji taa ya kuumiza macho. Lumeni 400 hadi 500 zinatosha chumba cha kawaida chenye kuta nyeupe. Fedha inayobaki inunue taa ya pili ndogo karibu na kiti cha babu au bibi. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20, kwa hiyo mzee anayelalamika kwamba kitabu cha nyimbo kimeandikwa herufi ndogo huenda anahitaji taa kabla ya miwani.

Katika vyumba vya kulala tuangalie rangi ya mwanga, ambayo hupimwa kwa kelvini. Taa ya kelvini 2700 ina mwanga wa njano tulivu. Ya 6500 ni nyeupe inayoelekea bluu. Mwanga wa bluu usiku huzuia mwili kutoa homoni inayoleta usingizi, hivyo chumbani tuweke ya njano, ya wati 4 au 5, na swichi iwe mahali mtu anapoifikia akiwa kitandani. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, taa ya wati 1 inayowaka usiku kucha itamwondolea haja ya kuweka kibatari karibu na chandarua. Mwanga wa njano unafaa pia barazani, kwa kuwa huvuta wadudu wachache zaidi. Kumbikumbi wa masika watakuja vyovyote vile, na wapo wasiolalamika.

Choo cha nje kisisahauliwe. Akina mama, watoto na wazee wanaopita uani saa nane usiku wanahitaji kuona nyoka, shimo, au mtu aliyesimama. Kama waya haufiki, taa ya kuchaji kwa jua iwekwe mlangoni, ikiwa na msumari wake wa kuitundikia, na isitumike kwa kazi nyingine.

Kwa nyumba za umeme wa jua, mpango huu unageuka kuwa hesabu. Paneli ya wati 50, siku ya jua zuri, na baada ya kutoa kinachopotea njiani na kwenye betri, huacha kama wati-saa 130 za kutumia. Jiko la wati 5 (kwa mfumo huu mdogo tunakubali upungufu kidogo) kwa saa nne ni 20. Meza ya watoto, wati 3 kwa saa tatu, ni 9. Sebule, wati 5 kwa saa tatu, ni 15. Baraza, wati 3 kwa saa nne, ni 12. Korido, wati 1 usiku kucha, ni 10. Kuchaji simu mbili tuweke 20. Jumla ni 86, na kuna akiba. Lakini wakati wa mawingu mazito paneli hiyo hiyo inaweza kutoa nusu tu, yaani 65, na hapo kuna upungufu. Familia iwe imekubaliana mapema: sebule na baraza zizimwe, ibaki 59, jiko na meza ya watoto viendelee. Bila makubaliano hayo, kinachozimwa kwanza huwa ni taa ya jikoni, kwa sababu watu wote wamekaa mbele ya luninga isipokuwa mmoja.

Kuhusu ubora, tutafute alama ya TBS, na maandishi ya volti yenye upana, kwa mfano 100 hadi 240, kwa kuwa umeme wa vijijini hupungua jioni. Pini au ya kuzungusha, ilingane na holda. Taa ikiwashwa dukani, ielekezee kamera ya simu: kama mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, taa hiyo inapepesa na inaweza kuchosha macho ya msomaji. Enaji seva zilizobaki majumbani zina zebaki kidogo ndani yake. Zikivunjika fungueni madirisha, watoto watoke, vipande viokotwe kwa karatasi ngumu na si kwa ufagio.

Mwisho, fundi asikubaliwe kumaliza kazi mchana. Taa ziunganishwe kwa muda, kamati irudi saa mbili usiku, mama asimame jikoni na kisu mkononi, watoto wafungue madaftari mezani, bibi akae kwenye kiti chake. Taa isogezwe mpaka kila mmoja aseme anaona, ndipo umeme uzimwe na waya upigiliwe.