Malori yatasimama wapi? Swali la wana Kyela kabla ya kila mradi

MKULIMA wa mpunga wa Ipinda hana lori, na pengine hajawahi kuvuka mpaka wa Kasumulu kwenda Malawi. Hata hivyo, lori linaposimama barabarani siku mbili likisubiri karatasi, naye analipa. Hapewi risiti. Analipa pale mnunuzi anapofika nyumbani kwake na kumweleza kuwa bei ya gunia imeshuka kwa sababu nauli ya mzigo imepanda.

Hilo ndilo jambo ambalo husahaulika wilayani Kyela kila panapozungumzwa ujenzi wa kituo cha mpakani, ghala, stendi, kituo cha mafuta au nyumba ya wageni. Watu huuliza jengo litakuwa kubwa kiasi gani na litaajiri wangapi. Ni wachache wanaouliza magari yatakayolifuata jengo hilo yatasimama wapi.

Swali hilo si dogo, kwani Kyela si mwisho wa barabara tena. Barabara ya kutoka Uyole kupitia Tukuyu hadi Kasumulu ni njia ya Malawi, nchi isiyo na bahari, kufikia bandari ya Dar es Salaam. Mafuta, mbolea na saruji hupita humo. Barabara ya Kikusya hadi Matema kupitia Ipinda nayo imepata lami. Ziwani, meli mbili za mizigo, MV Ruvuma na MV Njombe, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba tani 1,000, zilizinduliwa mwaka 2017, na baadaye ikafuata meli ya abiria ya MV Mbeya II. Mpakani, Tanzania na Malawi ziliingia katika mpango wa kituo cha huduma za pamoja, ambao Benki ya Dunia iliukopesha upande wa Tanzania mwaka 2013 na upande wa Malawi mwaka 2015.

Yote hayo ni maendeleo, na hakuna mkulima wala mfanyabiashara mwenye akili timamu atakayeyakataa. Lakini kila mradi huja na magurudumu yake.

Hesabu ya foleni

Lori la tela linalokwenda Malawi lina urefu wa mita 20 hivi. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu lori la ekseli saba kufikia tani 56 pamoja na mzigo wake. Tuseme malori 50 yamepanga mstari mmoja pembeni mwa barabara, kila moja likiacha nafasi ya mita tano mbele yake. Foleni hiyo itakuwa na urefu wa mita 1,250, yaani kilometa moja na robo. Yakiwa 100, ni kilometa mbili na nusu.

Tuhamie bandarini. Meli ya tani 1,000 ikijaa, mzigo wake ni sawa na malori 33 au 34 yenye tani 30 kila moja. Yakifika siku moja kwenye geti la bandari ya Kiwira bila mpangilio, foleni yake itazidi mita 800, na hiyo ni meli moja tu.

Sasa malori hayo hayo 50 tuyaingize uwanjani. Lori moja linahitaji upana wa mita nne kwa urefu wa mita 20, yaani mita za mraba 80. Tukiongeza eneo jingine kama hilo kwa ajili ya kugeuza na kupita, tunapata mita za mraba 160 kwa kila lori, au 8,000 kwa malori yote 50. Hizo ni ekari mbili. Foleni inayoweza kuziba zaidi ya kilometa moja ya barabara inaenea katika ekari mbili tu. Kwa hiyo anayesema nafasi haipo, mara nyingi maana yake ni kwamba nafasi haikutengwa mapema.

Kyela ina sababu nyingine ya kulitazama jambo hili kwa makini, nayo ni mvua. Wilaya hii ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha kati ya Machi na Mei. Lori zito likiegeshwa kwenye bega la barabara lililolowa, ukingo wa lami hukatika. Matairi husukuma udongo mtaroni, na mwenye kibanda hufukia sehemu ya mtaro ili wateja wapite. Maji yakikosa njia huingia nyumbani na shambani. Hapo suala la maegesho limekwisha kugeuka kuwa suala la mafuriko.

Nani analipa?

Tuchukue mfano. Fuso inayobeba magunia 100 ya mchele ina gharama ambazo hazibadiliki, iwe imetembea au imesimama: ujira wa dereva na tanboi, bima na rejesho la mkopo. Tuseme gharama hizo ni Sh200,000 kwa siku. Ikienda safari mbili fupi kwa siku kati ya ghala na soko, kila gunia linabeba Sh1,000 ya gharama hizo. Foleni ikiila safari moja, kila gunia linabeba Sh2,000, na mafuta bado hayajahesabiwa.

Mwenye Fuso hatabeba hasara hiyo, na mnunuzi wa Mbeya au Dar es Salaam ataipunguza kwenye bei ya kununulia. Mkulima mwenye magunia 30 atakuwa amepoteza Sh30,000 bila kuona foleni yenyewe. Mwenye ndizi huumia zaidi, kwani mchele unaweza kusubiri lakini ndizi haisubiri.

Somo hilo lilionekana waziwazi mwaka 2025. Machi mwaka huo Malawi ilizuia kuingizwa kwa baadhi ya mazao, yakiwemo mchele, ndizi na unga. Malori ya ndizi yalikwama mpakani, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi. Baadaye zuio la Tanzania liliondolewa. Uamuzi wa aina hiyo hufanyika Dodoma na Lilongwe, wala mkulima hana uwezo wa kuuzuia. Lakini mpaka wenye eneo la kusubiria, lenye kivuli na maji, humpa mwenye mzigo nafasi ya kushusha, kuuza kwa rejareja au kugeuza gari. Mpaka usio na eneo hilo humwacha ameketi juu ya mzigo unaooza.

Tunduma ilivyofundisha

Wanaodhani kituo cha pamoja peke yake kitamaliza foleni waitazame Tunduma, kwenye mpaka na Zambia. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 5, 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu. Lengo lilikuwa gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Ni lengo zuri. Lakini Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, na malori yakajipanga barabarani kwa kilometa nyingi.

Kituo hupunguza muda wa kukagua karatasi. Hakiwezi kuzuia mtandao kukatika, nchi jirani kubadili kanuni, wala wakala wa forodha kuchelewesha nyaraka. Siku mambo hayo yanapotokea, malori huendelea kuja kutoka bandarini. Ndiyo maana maegesho yanapaswa kupimwa kwa siku mbaya, si kwa siku ambayo kila kitu kinakwenda vizuri.

Kuna jambo zito kuliko fedha. Miongoni mwa magari yanayopita Kasumulu ni malori ya mafuta. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu mjini Morogoro, likalipuka na kuua zaidi ya watu 100 waliokuwa wamekusanyika. Tangi la mafuta likilala mita chache kutoka kwenye jiko la mkaa la mamantilie, mji mzima unalala na hatari hiyo.

Wanaoishi kwa foleni

Hata hivyo, haki itendeke kwa upande wa pili. Lori lililosimama ni mteja. Dereva anakula, ananunua vocha, anapanda bodaboda na kulala gesti. Mamantilie, muuza matunda na fundi wa matairi wanaona foleni kama mkulima aonavyo mvua. Ukiyahamisha malori kilometa tatu kutoka hapo bila kuwahamisha na wao, umewafunga biashara.

Wengi wao wako kwenye hifadhi ya barabara, na hapo ndipo penye mtego. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009 zilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyekuwa na mali yake kihalali ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa ana msingi wa kudai fidia eneo hilo linapotwaliwa. Aliyeweka kibanda baadaye hana. Kwa hiyo mfanyabiashara mdogo anayetegemea foleni ya barabarani amejenga riziki yake mahali ambapo anaweza kuondolewa bila senti.

Njia inayowafaa wote ni eneo la maegesho lenye vizimba vya biashara ndani yake, vyoo, maji, taa na ulinzi, huku magari ya mafuta yakitengewa upande wake mbali na majiko. Kijiji au halmashauri inaweza kulimiliki. Kwa mfano, malori 30 yakilipa Sh5,000 kila moja kwa usiku, ni Sh150,000, au Sh4.5 milioni kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh54 milioni, kabla ya kuondoa gharama za walinzi, kifusi na usafi.

Madereva hukwepa kulipa pale wanapoweza kusimama bure barabarani. Dawa yake ni kutoa namba ya foleni ndani ya uwanja tu: aliyeingia anaitwa kwa zamu yake, aliyebaki barabarani haitwi. Bila utaratibu huo uwanja utakuwa malisho ya mbuzi na barabara itaendelea kuziba.

Jambo hili halihusu mpaka peke yake. Matema, ambako soko la Jumamosi la Lyulilo huuza vyungu vya Wakisi, lami imeleta wageni wa mwisho wa wiki na magari yao. Mwekezaji anayejenga nyumba ya wageni ya vyumba 20 aseme magari 20 yatalala wapi. Asiposema, yatalala kwenye njia ya wavuvi na wabeba vyungu.

Waulize lini, waulize nini

Wakati wa kuuliza ni kabla ya jiwe la msingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za tathmini za mwaka 2005 zinataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi watakaoguswa wasikilizwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika matumizi ya ardhi ya kijiji. Kwenye barabara kuu mwenye mamlaka ni TANROADS, na kwenye barabara za wilaya ni TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Njia ya kuingia na kutoka kwenye mradi haifunguliwi bila kibali chao.

Mwananchi anayekwenda kwenye mkutano wa aina hiyo anaweza kubeba maswali matano. Mradi utaleta magari mangapi siku ya kawaida, na mangapi siku mbaya? Yatasimama ndani ya eneo la mradi au nje? Maji ya mvua kutoka kwenye uwanja huo yatapita mtaro gani, na mtaro huo unaishia shambani kwa nani? Wenye vibanda watapewa nafasi wapi, na kwa ushuru gani? Nani atakarabati barabara ikiharibika? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, kwa maana jibu la mdomo huondoka na gari la mgeni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa Kasumulu, Kiwira na Matema ufa huo ni wa ekari chache tu. Leo ekari hizo bado ni mashamba na viwanja vitupu vinavyoweza kununuliwa kwa maelewano. Zikishajengwa, atakayetaka kuzipata atalipa fidia, na gharama hiyo nayo itamrudia mkulima wa Ipinda kupitia bei ya gunia lake.