SUKARI IMEPUNGUA, NGUVU NI ILEILE

Huko Marekani watoto wengi hawanywi uji asubuhi. Hula vipande vikavu vya nafaka kutoka katika boksi. Mama huvimimina katika bakuli, hutia maziwa baridi, na chakula kiko tayari.

Aina moja inaitwa Frosted Flakes. Kampuni ya Kellogg's ilianza kuiuza mwaka 1952. Chakula hiki ni mahindi. Kwanza mahindi hukobolewa, pumba na kiini vikaondolewa, kama tufanyavyo sisi tukitaka sembe. Kisha hupikwa, hubanwa mpaka yawe bapa, na huokwa. Mwisho hupakwa sukari. Zamani hata jina lake lilianza kwa neno "sukari". Baadaye neno hilo liliondolewa. Sukari yenyewe ilibaki.

Watu walilalamika kwamba sukari ni nyingi mno. Ilipofika mwaka 2005, madukani kulikuwa na maboksi mapya yaliyoandikwa kuwa sukari imepunguzwa. Wazazi wakanunua.

Haya, tulinganishe. Mlo mmoja wa Frosted Flakes za kawaida, kama gramu 30, ulikuwa na gramu 12 za sukari. Hivyo ni vijiko 3 vya chai. Mlo wa aina mpya ulikuwa na gramu 8, yaani vijiko 2.

Je, nguvu ya chakula nayo ilipungua? Haikupungua. Uzito wa mlo ni uleule. Ukiondoa gramu 4 za sukari, mahali pake huingia gramu 4 za mahindi yaliyokobolewa. Hayo ni wanga. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, na gramu moja ya sukari hutoa kalori 4 vilevile. Tena wanga wa namna hiyo hugeuka sukari upesi mwilini.

Mwaka huo wa 2005 shirika la habari la Associated Press liliwaomba wataalamu watano wa lishe wachunguze vyakula hivyo. Walisema aina mpya hazina faida kubwa ya lishe kuliko zile za kawaida. Basi mzazi aliyetaka mwanawe asinenepe kupita kiasi hakupata alichokitafuta.

Sukari kidogo ni afadhali, hatukatai. Lakini pumba ndizo husaidia shibe ikae, nazo zilibaki mashineni. Uji wa dona unazo.

Maboksi ya namna hii huuzwa pia katika miji yetu. Ukiletewa moja, ligeuze usome ubavuni. Usitazame sukari peke yake. Tazama pia kalori na nyuzinyuzi.