Kioo Kidogo cha Darubini: Tusidanganywe na Hesabu Kubwa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo wa wahenga wamfaa kila mwalimu na kila baba wa jamaa anayetaka kuwanunulia watoto darubini ya kutazamia nyota. Madukani mna masanduku yenye maandishi makubwa: «Hukuza mara 525!» Mnunuzi afurahi, atoa fedha zake, na usiku ule ule watoto wakusanyika uani. Lakini wakitazama kwa kioo kikali kuliko vyote, waona ukungu tu unaotetemeka. Baada ya siku chache darubini yawekwa juu ya kabati, na watoto wasadiki ya kuwa elimu ya nyota si kwa watu kama wao. Hasara hiyo yapita hasara ya fedha.

Sababu ni nini? Kila darubini ina kazi mbili. Kioo kikubwa hukusanya nuru na kufanya sura ndogo ya nyota ndani ya bomba. Kioo kidogo, kinachowekwa penye jicho, huikuza sura ile. Kwa Kifaransa huitwa oculaire. Kioo hicho hakiongezi nuru hata kidogo. Huitandaza tu ile iliyokwisha kukusanywa. Maziwa ya kikombe kimoja ukiyatia maji mpaka ndoo ijae, umepata ndoo tele, lakini si maziwa tena. Ndivyo ilivyo sura inayokuzwa kupita kiasi: ni kubwa, lakini ina giza, wala haina alama zilizo wazi. Tena mtetemo wa hewa na wa miguu ya darubini hukuzwa pamoja nayo.

Tukumbuke Galileo. Mwezi wa Januari 1610 alivumbua miezi minne ya sayari Mshtarii kwa darubini iliyokuza kama mara 20 tu. Kioo chake cha jicho kilikuwa cha kubonyea, nacho kilionyesha kipande chembamba cha anga. Mwaka 1611 Johannes Kepler alieleza ya kuwa kioo cha kubinuka kingefaa penye jicho. Nacho chaonyesha anga pana zaidi, ingawa sura hupinduka juu chini. Vioo vya jicho vya darubini za nyota za leo hufuata njia hiyo ya Kepler.

Sasa tupige hesabu. Juu ya bomba huandikwa umbali wa fokasi, yaani umbali toka kioo kikubwa hata mahali nuru inapokutana. Juu ya kioo kidogo pia huandikwa umbali wake. Gawanya ule wa kwanza kwa ule wa pili, utapata ukuzaji. Tuseme darubini ina fokasi ya milimita 700, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 70. Kioo cha jicho cha milimita 25 chakuza mara 28. Cha milimita 10, mara 70. Cha milimita 4, mara 175. Lakini kuna mpaka: ukuzaji usipite mara mbili ya upana wa kioo kikubwa kwa milimita. Hapa mpaka ni mara 140. Basi kile cha milimita 4 ni kazi bure, na zile mara 525 ni maneno ya biashara tu.

Yafaa kununua nini? Vioo viwili vizuri vyashinda vitano vibaya. Aina iitwayo Plössl, yenye jina la fundi wa Vienna aliyeibuni mwaka 1860, ina bei ya kadiri na sura safi. Kile cha milimita 25 kitaonyesha anga yenye upana wa miezi mitatu mipevu na zaidi: Kilimia nzima, ambayo wazee waliitazama kujua majira ya kulima, na miezi ya Mshtarii. Kile cha milimita 10 kitaonyesha pete ya Zohali na mashimo ya mwezini. Anza kila mara na kile cha milimita 25, upate nyota upesi, ndipo uweke cha pili.

Kabla ya kulipa, angalia mambo mawili. Pima shingo ya kioo: nyingi za leo ni za milimita 31.7, lakini darubini nyingine ndogo hutaka milimita 24.5. Na mwenye kuvaa miwani atafute kioo kinachomwachia jicho nafasi ya milimita 15 au zaidi. Vioo vikali vya Plössl hulazimisha jicho kukaribia mno.

Jambo la mwisho lahusu uzima wa macho. Darubini nyingine huuzwa pamoja na kioo cheusi cha kukaza juu ya kioo cha jicho ili kutazama jua. Kitupeni! Moto wa jua huweza kukipasua kwa ghafula, na mtoto akapofuka papo hapo. Kinga ya kweli hufunika kioo kikubwa, mbele ya bomba; pasipo kinga hiyo, darubini isielekezwe jua kamwe.

Basi, enyi wazazi na walimu, msiulize kwanza: «Hukuza mara ngapi?» Ulizeni: «Huonyesha wazi?» Mtoto aliyeiona pete ya Zohali, ndogo lakini safi, ataomba kuitazama tena kesho.