Mgonjwa Naye ni Mwalimu: Daktari Anavyopikwa Ifakara

Sisi wa ualimu tukienda mazoezi ya kufundisha, kosa letu linafutika kwa dasta. Umekosea hesabu ubaoni, wanafunzi wanacheka, unafuta, maisha yanaendelea. Wenzetu wanaosomea udaktari wanajifunzia kwenye mwili wa mtu. Sasa nani anamlinda mgonjwa wakati wao wanajifunza? Nimelitafuta jibu Ifakara, bonde la Kilombero.

Mji huu haujaanza jana kufundisha watu wa afya. Mwaka 1949 Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, alifika Ifakara, ambako wamisionari Wakapuchini walikuwa tayari wanatibu watu. Mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ya utafiti, ambayo ndiyo mzizi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, kikaanza kituo cha kufundisha wahudumu wa tiba wa vijijini. Tangu 2010 kuna pia chuo kikuu kishiriki cha SFUCHAS, ambacho wanafunzi wake wa udaktari wanajifunzia katika wodi za Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Shahada yenyewe ni miaka 5, halafu mwaka 1 wa utarajali. Mwanzoni ni darasani na maabara: anatomia, fiziolojia, biokemia. Baadaye ni wodini kwa zamu: watoto, wazazi, upasuaji, magonjwa ya ndani. Mwanafunzi anamhoji mgonjwa, anampima, anaandika. Kwenye raundi anasimama mbele ya daktari mwenye uzoefu na kueleza alichokiona na anachodhani. Anaulizwa maswali mpaka jasho linamtoka, lakini dawa haitolewi kwa neno lake peke yake. Hiyo ndiyo dasta ya wodini: mkubwa anayekagua kabla kosa halijamfikia mgonjwa.

Lakini kuna somo ambalo hata huyo mkubwa analipata kwa mgonjwa. Chukua mfano wa mama wa Lipangalala, kata mojawapo ya mji huo, anayemleta mtoto aliyekakamaa na kutetemeka mwili mzima. Mwanafunzi amesoma kwa Kiingereza kwamba malaria kali inaweza kuleta hali hiyo. Anauliza, "Mtoto ana malaria?" Mama anajibu hapana. Hadanganyi. Kwake malaria ni homa ya kawaida, na hii ni degedege. Watafiti waliofanya kazi bonde la Kilombero walikuta wazazi wengi wanayaona kama magonjwa mawili tofauti, na degedege wengine wanaihusisha na nguvu zisizoonekana, hivyo wanaanzia kwa mganga wa jadi.

Mwanafunzi aliyeiva anabadilisha swali: "Mama, ilianzaje? Alipata homa? Mmempa dawa gani nyumbani? Mlipita wapi kabla ya kuja hapa?" Hapo historia inafunguka. Akimkaripia mama kwa kupita kwa mganga, anayefuata ataficha, na daktari atatibu bila kujua mtoto kanyweshwa nini. Somo hili halimo kwenye slaidi. Analifundisha mama mwenyewe, akiwa na hofu, tena bure.

Ndiyo maana naona kuomba ridhaa ni jambo la msingi, siyo mapambo. "Shikamoo mama, mimi ni mwanafunzi, naomba nikuulize na kukupima. Ukikataa, matibabu yako yanaendelea vilevile." Sentensi hizo hazimalizi hata nusu dakika. Mgonjwa anayezungukwa na makoti meupe kumi bila kuambiwa ni akina nani hajawa mwalimu, amegeuzwa ubao.

Wanachuo wenzangu, hata usiposomea tiba, hili linakuhusu. Siku utakayolazwa kwenye hospitali ya kufundishia, uliza anayekupima ni nani na nani anamsimamia. Una haki ya kusema hapana. Ila ukiweza, sema ndiyo. Daktari atakayempokea mdogo wako usiku wa manane ni lazima awe amejifunza kwa mtu fulani, na mtu huyo anaweza kuwa wewe.