Ndoana na Manyoya ya Jogoo: Uvuvi Usioiumiza Bahari

Kunduchi, kaskazini mwa Kinondoni, bado tupo tunaovua samaki mmoja mmoja. Mshipi nilirithishwa na mjomba wangu, na ningependa kila kijana anayekulia Mtongani, Msasani au Mtoni Kijichi kule Temeke aujue kabla hajashawishiwa na njia za mkato. Katika zana zote nilizoziona baharini, hakuna inayomlisha mvuvi huku ikiibakishia bahari mbegu kama hii.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Unahitaji uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kipande cha ubao au chupa tupu ya maji, ndoana, na chubwi, yaani risasi inayoushusha uzi hadi chini. Ndoana huchaguliwa kwa kuangalia mdomo wa samaki: ndogo kwa changu na tasi, kubwa kwa chewa. Chambo ni ngisi aliyekatwa vipande vyembamba, dagaa au kamba. Kidole cha shahada hukivisha kipande cha tyubu ya baiskeli, maana kolekole akikimbia na uzi, nyama ya kidole huchanika. Chombo ni ngalawa: gogo la mwembe lililochongwa, likatiwa tanga, na matengo kulia na kushoto ili lisipinduke.

Mjomba alinifundisha kusikiliza kwa kidole. Tasi hugusa chambo kidogo kidogo kama mgeni anayebisha hodi. Changu huuma na kuvuta mara moja. Chewa hukimeza chambo, kisha hugeuka kurudi pangoni mwake. Ukichelewa kumwinua, ataufunga uzi kwenye mwamba na utaukata kwa mkono wako mwenyewe. "Mwanangu, usivute kwa hasira," alikuwa akiniambia. "Vuta kwa kipimo."

Kidole hakitoshi bila kuyajua maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua. Pwani yetu maji hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita 3, na mkondo hulisukuma chubwi hata lisifike chini. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu. Mkondo hulegea, uzi hunyooka, na huo ndio wakati wa samaki wa miambani. Hata ndani ya siku moja, mvuvi husubiri maji yasimame, kile kipindi kifupi kabla hayajageuka. Juu ya hayo upo upepo. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Baada ya hapo huingia kusi, na likikaza mwezi Juni na Julai, ngalawa nyingi hubaki mchangani, na hakuna aibu kubaki.

Kwa samaki wa maji ya juu, kama nguru, jodari na sehewa, tunarambaza. Uzi huburutwa nyuma ya ngalawa inayokwenda kwa tanga, na mwisho wake pana ndoana isiyo na nyama yoyote. Shina la ndoana limefungwa manyoya meupe ya jogoo, na wengine huongeza nyuzi zilizochambuliwa kwenye kiroba au karatasi ya kung'aa ya biskuti. Nguru huwinda kwa macho na kwa kasi. Akiona kitu kidogo cheupe kikikimbia, hukirukia bila kukichunguza. Kwa hiyo mwendo ndio chambo: ngalawa ikisimama, manyoya hayo hayamdanganyi mtu.

Ujanja huu una ndugu wa mbali. Karibu miaka 1,800 iliyopita, mwandishi wa Kirumi Claudius Aelianus alieleza jinsi wavuvi wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana ili ionekane kama mdudu wa mtoni. Ujanja wa namna hiyo ndio uvuvi wa nzi wa bandia unaopendwa Ulaya na Marekani. Nzi huyo hana uzito, kwa hiyo uzi ndio hufanywa mzito, nao hurushwa kwa fimbo ndefu inayopinda. Wamarekani wanaovua kwenye mabwawa ya maji ya uvuguvugu hata huketi ndani ya boya la upepo, miguuni wamevaa mapezi ya mpira ya kupigia maji. Aliyewahi kuelea juu ya tyubu ya gari pale Coco Beach anaweza kuwaelewa.

Boya hilo ni zuri kwa bwawa lililotulia. Kwetu, mkondo wa bamvua ungekupeleka usikotaka, na mito kama Ruvu na Rufiji ina mamba na viboko. Ndiyo maana kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji, huko Kilombero, wageni hurusha nzi wa bandia wakiwa ndani ya boti. Wanamtafuta samaki mwenye meno makali wanayemwita taiga. Mmoja wa jamii hiyo alitambulishwa rasmi na wataalamu mwaka 1986 kwa jina la nchi yetu, Hydrocynus tanzaniae. Wakimpata, humpiga picha na kumrudisha majini.

Mvuvi wa Kunduchi hawezi kurudisha kitoweo cha watoto wake, ila samaki mchanga aliyenasa bado hai anaweza kumrudisha. Uvuvi wa bomu hautoi nafasi hiyo. Bomu linaua samaki, mayai na vifaranga kwa pamoja, na matumbawe linayoyavunja huchukua miaka mingi kuota tena. Kokoro nalo hukomba ufukwe mzima pamoja na nyasi za bahari wanamokulia samaki wadogo. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza mabomu na sumu. Maji ya visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini yamekuwa hifadhi tangu 1975, na hata sisi wa mshipi hatuna ruhusa ya kuvua humo. Hilo ni kwa faida yetu, kwa sababu samaki wanaozaliana humo hutoka nje na kutufikia.

Mnunuzi naye ana sehemu yake. Ukienda Feri, Msasani au Kunduchi, uliza samaki amevuliwaje, kisha mkague mwenyewe. Wa bomu nyama yake hulegea, uti wa mgongo huweza kuwa umevunjika, na damu huvilia tumboni. Wa mshipi nyama yake ni ngumu, na mara nyingi mdomoni ana alama ya ndoana. Wa kwanza mwache hata akiwa wa bei ya chini. Wa pili mnunue, na umlipe mvuvi haki yake.