Kwa Nini Kuna Lukozi?

Sogeeni karibu, wajukuu. Leo sungura na fisi wapumzike, niwasimulie habari za mahali. Panaitwa Lukozi, katika Wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga. Si makao ya wafalme kama Vugha, wala si bandari kama Tanga. Basi imekuwaje pakawa na watu, soko na malori kule juu milimani?

Kisa kinaanzia kwenye milima yenyewe. Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayotoka Taita, Kenya, hadi Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi huja na unyevu. Ukifika milimani hupanda, hupoa, na unyevu ule ukawa mvua. Ukiwa Mombo, chini kabisa, jasho linakutoka. Ukianza kupanda, kila mita 100 hewa hupoa kwa zaidi ya nusu digrii. Lushoto mjini, kwenye mita 1,400 hivi, utatafuta sweta. Nawe hujafika bado: Lukozi iko mbele, ukishaupita msitu wa Magamba, kwenye njia iendayo Rangwi na Mtae.

Wasambaa waliipenda nchi hiyo ya juu, wakaiita Shambaai, na kule chini wakakuita nyika. Juu walistawisha migomba. Nyikani walishuka kuwinda na kulima. Wambugu nao walikuja na ng'ombe wao, wakafuata malisho ya baridi. Katika karne ya 18, husimulia wazee, alitokea Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, akaanzisha utawala wa ukoo wa Wakilindi pale Vugha. Mzao wake mashuhuri katika ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, alipofariki mwaka 1862, ndugu waligombea kiti na nchi ikavurugika.

Kisha wakaja Wajerumani. Lushoto wakaipa jina la Wilhelmstal. Kule Shume walikata mierezi, na mbao zikateremshwa kwa waya mpaka Mkumbara, karibu na reli. Wamisionari na walowezi walileta mbegu za mboga na miche ya matunda ya kwao. Baridi ya Usambara ikaikubali, na wakulima wakaichukua na kuifanya yao.

Waingereza walipotawala, waliona udongo ukisombwa na mvua kwenye miteremko. Mwaka 1946 wakaanzisha mpango bondeni Mlalo, wakawalazimisha watu kulima kwa matuta. Kuutunza udongo ni jambo jema, wajukuu, lakini kazi ilikuwa nzito, hasa kwa akina mama, na mwenye shamba hakuulizwa. Watu walikataa, na katika miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Shikeni hilo: ardhi huponywa pamoja na anayeilima, si kwa kumwamrisha.

Sasa twende sokoni. Kiazi mviringo, ambacho asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, kimepata makao Lukozi, pamoja na kabichi na karoti. Mkulima huvuna mteremkoni au bondeni penye mfereji, mzigo ukabebwa hadi barabarani, dalali akapanga bei, lori likashuka kwenda Dar es Salaam. Hapo ndipo mkulima huumia, akilazimishwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake lakini likalipwa kama gunia moja.

Hiyo ndiyo sababu kuna Lukozi: mlima ulileta mvua na baridi, baridi ikakubali mboga, na njia ikawakutanisha wanunuzi na wakulima. Lakini mvua inahitaji msitu wa kuipokea. Miti ya Magamba hushika maji na kuyaachia polepole kwenye vijito. Msitu ukifyekwa, mifereji itakauka na kiazi kitakosa maji. Kwa hiyo anayepanda mti Usambara anamlisha mtoto wa mjini asiyemjua, nanyi mnaokula chipsi mna deni la kuuthamini msitu ule na kumlipa mkulima haki yake.